Miguu Haina Tatizo

Alama ilikuwa kwenye unyayo wa mguu wa kushoto, karibu na kisigino, nyeusi ti. Bi Sabiha aliiona mara ya kwanza mwezi Juni, siku ya upepo ule wa Dodoma unaoingiza vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Alikuwa ameketi uani kwenye kigoda akisugua magaga. Ilikuwa ndogo kama punje ya choroko. Akaisugua kwa jiwe, akaisugua kwa sabuni ya mche, akidhani ni lami. Haikutoka. Haikuuma pia, na hapo ndipo palipomponza, maana sisi wanadamu kisichouma hatukihesabu kuwa ugonjwa.

Kufika Septemba ilikuwa kubwa kama kifungo cha koti, pembezoni imepindapinda, upande mmoja mweusi na mwingine wa kahawia. Asubuhi moja aliikuta ndala yake ina tone la damu. Akalifuta kwa kidole gumba, akavaa soksi, akaenda dukani.

Utasema mtu mwenye akili zake angemwambia mtu. Na akili Sabiha alikuwa nazo, tena za kugawia majirani. Duka la khanga pale Majengo aliliendesha mwenyewe tangu mumewe afariki, na hakuna mchuuzi aliyewahi kumwuzia doti yenye kasoro akaondoka salama. Lakini mguu kwake ulikuwa habari nyingine. Mguu ndio uliomwondoa mumewe, Abdulrazaki.

Abdulrazaki alikuwa na sukari. Kikaanza kidonda kwenye kidole, hospitali wakakata kidole. Wakakata vidole vitatu. Wakakata kwenye kifundo, na mwisho chini ya goti. Kile kipande cha mwisho wanaume wa familia walikichukua kimefungwa kitambaa cheupe, wakakizika kama dini inavyotaka, na wiki tatu baadaye mwenyewe akakifuata palepale. Mambo hayo Sabiha aliyaona kwa macho yake, na akatoka nayo na neno moja tu: daktari akishauona mguu, anaanza kuukata, na akianza hamalizi mpaka amekumaliza wewe.

Sasa ndani ya nyumba ileile, kifo kilekile kilikuwa kimemfundisha mtu mwingine jambo jingine kabisa. Lulu, binti yao wa pekee, alikuwepo siku daktari alipouliza, “Kidonda hiki kilianza lini?” Mama akasema tangu mwezi uliopita. Baba mdogo akasema wiki mbili. Mgonjwa mwenyewe, anayeoza mguu, akasema hicho si kidonda, ni mchubuko. Daktari aliwatazama watu watatu wenye majibu matatu, akaweka kalamu chini. Lulu hakuisahau ile kalamu. Aliamini mpaka leo kwamba baba yake alikufa kwa sababu hakuna aliyejua kusema.

Na Lulu hakuwa mtu wa kuachia mambo yapite. Alikuwa afisa kumbukumbu kwenye wizara moja kule Mtumba, kazi yake majalada, na kwake jambo lisiloandikwa halijatokea. Kwa hiyo mama yake, ambaye naye alikuwa na sukari mwaka wa sita, alipopata rufaa ya kumwona daktari bingwa mwezi Oktoba, Lulu alitangaza kwamba safari hii hawaendi kubabaika. Wataenda na dokezo sabili, ile karatasi ya maelezo ya kiofisi yenye aya zilizopewa namba.

“Dokezo kwa daktari?” Sabiha aliuliza. “Kwani mimi ni barabara nasubiri kujengwa?”

“Mama, daktari ana dakika kumi na wewe. Kumi. Nusu yake unamsalimia na kumwuliza kwao wapi.”

“Na nisimsalimie?”

“Msalimie. Mengine nitakuwa nimeshayaandika.”

Wakakaa Jumamosi saa nne asubuhi sebuleni, Lulu na kompyuta juu ya stuli, Sabiha kwenye kochi na miguu imefunikwa khanga. Ungewaona ungedhani ni polisi na mtuhumiwa. Sukari ya asubuhi kwa siku kumi na nne zilizopita, Lulu alikuwa nayo yote. Presha, vilevile. Dawa gani, miligramu ngapi, saa ngapi, na lini aliruka. Sabiha alikiri kwamba aliruka siku mbili alipokwenda Kibakwe kwenye msiba, na Lulu akaandika siku mbili, Kibakwe, msiba. Macho? Yana ukungu jioni. Haja ndogo usiku? Mara tatu. Sabiha alianza hata kufurahi. Tangu mumewe afe hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za mwili wake kwa uangalifu namna hiyo, na alijikuta anasema vitu ambavyo hakujua kama anavijua.

“Miguu,” akasema Lulu.

“Miguu imefanyaje?”

“Ndiyo nakuuliza. Ina kidonda? Ganzi? Imebadilika rangi mahali popote?”

Sabiha alimtazama binti yake, miwani imemshuka puani, vidole viko tayari juu ya vitufe, na akamhurumia na kumwogopa kwa pamoja. Akijibu ndiyo, Lulu ataandika. Akiandika, daktari atasoma. Daktari akisoma, atasema vua viatu.

“Miguu ni mizima,” alisema.

“Una hakika? Nione.”

“Wewe Lulu, mimi ndiye niliyekuzaa. Nikikwambia mizima ni mizima. Au sasa unataka na meno uyahesabu?”

Lulu akacheka. Akaandika. Sabiha alisikia vile vitufe vinavyolia, kikiki, na sentensi ikawa imekaa kwenye karatasi. Ilikuwa aya ya nne, chini ya kichwa cha habari kilichosema HALI ILIVYO SASA: “Miguu haina tatizo. Hakuna kidonda, ganzi wala mabadiliko ya rangi.”

Jumapili ya wiki iliyofuata ilikuwa harusi ya Salma, mtoto wa kaka yake, na kliniki ilikuwa Jumatano yake. Sabiha aliona Mungu mwenyewe amempangia. Ijumaa alimwita wifi yake Stara, dada wa marehemu, mpakaji hina wa nyumba nzima, aje ampake mikono na nyayo.

“Nyayo zote mbili,” alimwambia. “Zijae. Sitaki maua wala vijani. Kama za bibi zetu.”

Stara aliketi chini na bakuli lake, akaupakata mguu wa kulia, akaumaliza kwa umbeya wa harusi. Akaupakata wa kushoto, na umbeya ukakatika katikati ya neno.

“Wifi. Hii nini?”

“Nilikanyaga mwiba.”

“Mwiba gani huu?” Stara aliibonyeza kwa kidole. “Inauma?”

“Haiumi.”

“Afadhali ingeuma.” Akainua uso. Stara alikuwa mwanamke wa maneno mengi na uso wa kucheka, na kumwona hacheki kulimtisha Sabiha kuliko tone la damu. “Lulu anajua?”

“Lulu ana kazi yake. Paka.”

“Sabiha, wenyewe walisema, mficha maradhi—”

“Paka, wifi. Au nimwite mwingine?”

Stara alipaka. Alianza pembeni, kwenye vidole na kiganja cha mguu, akakiacha kile kifungo cheusi mpaka mwisho kabisa, kisha akakifunika kwa kijiko kizima cha hina na kukifunga kwa mfuko wa plastiki. Jioni hina ilipotolewa, unyayo ulikuwa umekolea mpaka ukafika weusi, kama hina inavyokolea kwenye ngozi ngumu, na alama haikuonekana hata ukiitafuta. Sabiha mwenyewe aliitafuta.

Jumatano alioga mapema, akajifukiza udi, akavaa gauni jipya na baibui la kutokea. Kwao mtu haendi kwa daktari kama aliyetupwa. Ukifika umenuka taabu, wanakupokea kama taabu. Lulu alikuwa na bahasha ya kaki, nakala mbili, moja ya daktari na moja ya kubaki nayo.

Daktari Yotham alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenyeji wa huku huku uwandani, mwenye sauti ya chini. “Shikamoo mama,” alisema, akanyanyuka kidogo kitini. Sabiha aliitikia marahaba na akampenda papo hapo, na hilo nalo likamuuma. Daktari alipokea lile dokezo, akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili.

“Nani ameandika hii?”

“Mimi, daktari,” Lulu alisema.

“Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa na mtu kama wewe. Nusu ya kazi yangu umeifanya.” Akaanza kuuliza juu ya vipimo, na Lulu akawa anajibu kwa aya. Maswali yote yalipita juu ya kichwa cha Sabiha kama wazazi wanaopanga habari za mtoto. Alimtazama binti yake usoni. Lulu alikuwa anang'aa. Tangu siku ya ile kalamu iliyowekwa chini hakuwahi kumwona ana amani vile mbele ya daktari, na alijua kwamba akifungua mdomo sasa, amani ile ndiyo itakayovunjika kwanza.

“Na wewe mama,” daktari alimgeukia, “mwenyewe una la kuongeza?”

Kulikuwa na nafasi hapo. Wala haikuwa ndogo. Mtu angeweza kusema sentensi nzima ndani yake.

“Yote yamo humo, mwanangu,” Sabiha alisema.

Wakamtuma chumba cha pili kwa muuguzi, kupima miguu, kama wanavyopimwa wote wenye sukari. Sabiha hakuwa amelijua hilo. Muuguzi aliitwa Ruthu, mama mnene mpole. Alimvua viatu kwa mikono yake, akawa anamgusa unyayo kwa kiuzi kigumu cha plastiki. Unahisi? Nahisi. Hapa je? Nahisi. Kisha akauinua mguu wa kushoto na kuugeuza kuelekea dirishani, kwenye mwanga.

Na hapo, nakwambia, Sabiha aligeuka mtu mwingine. Wiki nzima alikuwa anaomba isionekane, na sasa moyo wote ulikuwa unaomba ionekane. Aione. Aulize yeye, mimi nijibu tu. Nisianze mimi. Alisikia kidole gumba cha Ruthu kikipita juu ya kisigino, kikapita juu ya penyewe, kikaendelea.

“Harusi ya nani?” Ruthu aliuliza.

“Ya mtoto wa kaka yangu.”

“Hina imekolea kweli. Sisi kwetu hatupaki, lakini naipenda.” Akaushusha mguu taratibu, akachukua faili. Lile dokezo lilikuwa limebanwa juu. Akalisoma aya ya nne, akaandika chini yake kwa kalamu ya bluu: miguu imekaguliwa, safi.

Sabiha alitoka pale ameshinda. Njiani Lulu alimshika mkono na kusema, “Umeona, mama? Ni kujipanga tu.” Kesho yake mchana, nyumba ikiwa tupu, aliketi uani akasugua unyayo kwa ndimu na chumvi ili aone ile alama imefika wapi. Hina haiondoki kwa haraka ya mtu. Alisugua mpaka ngozi ikawaka, na hakuona chochote, na akaogopa zaidi kuliko alipokuwa anaiona.

Tarehe ya pili ilikuwa Januari. Hina ilikuwa imeisha zamani. Chini yake ile alama ilikuwa imenyanyuka, ina kinundu katikati, na ilitoa majimaji. Sabiha alijifunga kitambaa na kuvaa soksi juu, akasema ni baridi, Januari, kwenye mji unaochemka. Nyumba nzima hakuna aliyehoji.

Lulu alikuwa ameandaa dokezo jipya. Lakini mtu wa majalada ana tabia zake: kisichobadilika hakiandikwi upya. Aya ya nne safari hii ilikuwa fupi: “Miguu: hakuna mabadiliko. Rejea dokezo la Oktoba.” Hakuuliza hata. Kliniki ilikuwa imejaa watu mpaka nje kwenye mabenchi. Ruthu alifungua faili, akaona mwandiko wake mwenyewe wa bluu, akaona na rejea ya Lulu, akatia alama ya vema bila kumwambia mtu avue kitu. Uongo wa neno moja uliosemwa kwenye kochi ulikuwa sasa una miguu yake, unatembea wenyewe kutoka karatasi hadi karatasi, na umeshasainiwa na watu wawili waaminifu.

“Daktari,” Sabiha alisema walipokuwa wanaondoka. Ilimtoka tu.

“Naam, mama?”

Lulu aligeuka naye, anatabasamu, kalamu mkononi.

“Chumba chako kina baridi,” alisema Sabiha. Daktari Yotham akacheka, akapunguza kiyoyozi.

Mtoki ulimjia katikati ya Ramadhani. Alikuwa anaoga, mkono ukapita kwenye kinena upande wa kushoto, ukakutana na kitu. Kigumu, mviringo, hakitelezi. Kila mtu aliyekulia mji huu anajua kwamba mtoki hauji bure. Huja kwa kitu kilichoko chini kwenye mguu. Akausubiri uondoke. Ikapita wiki, ukapata mwenzake. Alikuwa anafuturu kidogo na kulala mchana, na Lulu, akitoka Mtumba amechoka, alisema ni funga tu, mama mtu mzima umefunga na sukari nani kakwambia. Akaandika hiyo pia: uchovu, funga.

Siku mbili kabla ya Idi, Sabiha alimwita Stara. Stara alikuja na bakuli na mfuko wake, akaketi, akaupakata mguu wa kushoto bila kuambiwa, akaivua soksi, akafungua kitambaa.

Hina ilikuwa imeshalowekwa, harufu yake imejaa ukumbini. Alifunga kitambaa palepale kilipokuwa, akavuta soksi juu, akaanza kukusanya vitu vyake.

“Unakwenda wapi?” Sabiha aliuliza.

“Nyumbani. Mimi sipaki tena.”

“Stara.”

“Nilipaka mara ya kwanza nikaenda kulala. Unajua nililala? Sikulala. Kaka yangu kile kidonda nilimwosha mimi, Sabiha, nilibeba maji mimi.” Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Kesho saa mbili uwe kwa daktari. Saa sita nampigia Lulu. Ukifika kwanza wewe, sawa. Nikifika kwanza mimi, shauri yako.”

Sabiha alimtukana. Tutaficha nini; alimtukana mpaka akamkumbusha deni la harusi yake ya mwaka wa tisini. Stara alisikiliza yote amesimama mlangoni, kisha akaenda zake, na hina ikabaki kwenye bakuli ikaganda.

Kesho yake Sabiha alikwenda. Alikwenda bila udi, na gauni la dukani, na alisubiri saa tatu nzima kwa sababu hakuwa na miadi. Daktari Yotham alipomwona alinyanyuka kidogo kitini kama kawaida yake.

“Shikamoo mama. Leo peke yako?”

“Marahaba. Leo peke yangu. Na karatasi sina.”

Akavua soksi. Daktari alizunguka meza, akapiga goti sakafuni, akafungua kitambaa. Aliwasha kitaa kidogo, akapima kwa rula upande huu na upande ule. Alimwita Ruthu aingie, akaomba ruhusa, akamlaza Sabiha kitandani na kumgusa kinena kwa vidole viwili. Vidole vikasimama hapo. Ruthu alikuwa amesimama kwenye pazia na faili kifuani. Alilifungua, akasoma kitu, akautazama mguu, akakaa kwenye kiti ambacho si chake.

“Tangu lini, mama?” daktari aliuliza.

“Juni.”

“Juni ya mwaka jana?”

“Ya mwaka jana.”

“Kwa hiyo Oktoba, siku ile umekuja na binti yako, hii ilikuwepo?”

“Ilikuwepo. Chini ya hina.”

Daktari Yotham alivuta pumzi, akaitoa. Alivuta kiti, akaketi chini kuliko yeye. “Kwa nini hukuniambia?”

“Mlimkata mume wangu,” Sabiha alisema. “Mlianza na kidole.”

Alisema bila hasira, na daktari hakujitetea. Alimweleza pole pole, kama mtu anayeweka vikombe mezani. Mzee alikuwa na sukari na kidonda kilichooza. Hii siyo ile. Hii haina habari na sukari. Ni saratani ya ngozi, karibu ana hakika, na kwa watu weusi hupenda kuanzia hapo hapo kwenye unyayo, mahali ambapo watu hawajitazami. Watakata kinyama wapime ili wajue.

“Na Oktoba,” Sabiha aliuliza, “ningekwambia Oktoba, ungenikata wapi?”

Daktari alichora duara hewani juu ya kisigino chake, dogo, bila kumgusa. “Hapa. Hii, na ngozi kidogo pembeni yake. Tungetoa ngozi pajani tukabandika. Siwezi kukuapia, mama, ugonjwa huu mjanja. Lakini mguu nisingeukata. Ungechechemea mwezi mmoja, miwili.”

Sabiha alilitazama lile duara lililokwisha kupotea. “Na sasa utaukata?”

Daktari alinyanyuka, akanawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja. “Sasa umeshapanda kwenye mtoki. Nataka picha ya kifua na ya tumbo leo hii, kabla hujaondoka,” alisema. “Mguu siyo ninaouogopa tena.”

Ikawa ni kusubiri. Alimpigia Lulu mwenyewe, saa tano na nusu, akasema njoo hospitali, sijaanguka, njoo tu. Kisha aliketi kwenye benchi la ukumbini na kuwaza atakachosema. Njia rahisi ilikuwepo, imenyooka: aseme imetokea juzi juzi, ndani ya Ramadhani, ghafla. Lulu angelia, lakini asingejua. Asingejua kwamba aliuliza swali lenyewe, kwa maneno yenyewe, na akaandika jibu. Mama yeyote angechagua uongo huo, na Sabiha alikuwa ameshauchagua, ameshaupanga maneno, mpaka alipomwona binti yake akija mbio ukumbini, kitambulisho cha kazi kinaruka shingoni, na kalamu tayari iko mkononi.

“Mama, wamesema nini? Imeanza lini? Niambie yote, nimwandikie—”

“Kaa,” alisema Sabiha. “Kwanza kaa.”

Lulu akaketi. Sabiha aliivua soksi mbele ya watu, akafungua kitambaa, akauinua mguu na kuuweka mapajani mwa mwanawe, juu ya sketi safi ya kazini. Lulu akautazama. Rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo. Aliushika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga bila kutarajia, na kalamu ikaanguka chini ya benchi asiiokote.

“Tangu lini?” aliuliza, na haikuwa sauti ya afisa.

“Juni ya mwaka jana. Uliponiuliza ile Jumamosi ilikuwepo. Ulipotaka kuona nikakukatalia, ilikuwepo. Nilikudanganya, Lulu. Wewe uliuliza vizuri.”

Watu walipita. Mtoto alilia chumba cha sindano, akanyamaza. Sabiha alisubiri, maana sasa zamu ya kusubiri ilikuwa yake.

“Kuna lingine?” Lulu aliuliza mwishowe.

“Kuna,” alisema mama yake. Akauchukua mkono wa binti yake, akaupeleka kwenye kinena, juu ya baibui, akaubonyeza mpaka ukagusa. Lulu akauacha mkono pale.